Hesabu Tuliyofundishwa na Hesabu Tuliyoiacha

Walionisoma katika kurasa hizi miaka iliyopita wamezoea kunisikia nikisimulia harusi za zamani na majina ya vyombo vya jikoni ambavyo vijana wetu hawavijui tena. Mwaka huu nimemwomba mhariri aniachie nafasi kwa jambo jengine, jambo ambalo wanawake husemezana kwa sauti ya chini na wanaume hujifanya hawalisikii. Mhariri, ambaye ni mtoto wa kaka yangu, aliinamisha macho akasema, "Haya shangazi, andika." Basi naandika.

Jambo lenyewe lilianza kwa barua. Jumamosi moja ya mwezi wa Februari mwaka 2024 mdogo wangu alikuja kwangu East Ham, mvua inanyesha, na barua kaifunga katika mfuko wa plastiki, na mfuko kautia ndani ya mkoba, na mkoba kaukumbatia kifuani. Haikuwa barua yake. Ilikuwa ya binti yake, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 25 na alikuwa ameolewa mwaka wa pili. Binti amezaliwa hapa na Kiingereza ndicho anachoota nacho usiku, lakini mama yake alipomwuliza spitali imesema nini, alikwama. "Sijui kwa Kiswahili inaitwaje, mama. Mpelekee Mama Mkubwa."

Nimesomesha miaka 38, Unguja kwanza kisha hapa, nikadhani hakuna barua itakayonishinda. Nikavaa miwani. Barua ilisema kwamba binti yetu anapata hedhi mara tatu au nne tu kwa mwaka. Kwamba homoni iitwayo testosteroni, ambayo wengi huijua kuwa ya wanaume ingawa wanawake nao wanayo, imezidi kidogo katika damu yake. Kwamba ana vinywele kidevuni. Kwamba ovari zake zimeonekana katika picha kuwa na vifuko vidogo vidogo vingi. Na kwamba kwa hayo yote hali yake inaitwa kwa herufi nne, PCOS. Nilipofika katikati nilivua miwani nikaiweka mezani. Mdogo wangu alidhani nimeona habari ya kifo. Kumbe nilichokiona ni kwamba barua ile ilikuwa inanieleza mimi, na imechelewa miaka 40.

Niwarudishe nyuma kidogo. Sisi tuliokwenda chuoni Unguja katika miaka ya sitini na sabini tulifundishwa habari za hedhi mapema, tena bila ya kuonewa haya. Katika Safinatun Najaa, kile kijitabu chembamba ambacho wanafunzi wengi wa madhehebu ya Shafi wamekipitia, tulisoma kuwa uchache wa hedhi ni mchana mmoja na usiku wake, aghalabu yake ni siku 6 au 7, na wingi wake ni siku 15. Na kwamba tohara iliyo baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu iliyovuka mipaka hiyo ni istihadha, nayo ina hukumu yake ya udhu na sala. Tukihesabu kwa vidole. Bibi mmoja katika nyumba yetu akihesabu kwa kokwa za tende ndani ya kikombe, na hapana aliyethubutu kukigusa kikombe kile.

Lakini tohara ikirefuka je? Kitabu chasema urefu wake hauna mpaka. Na kwa sala ni kweli: asiyetokwa na damu ataswali, hata miaka kumi. Mwalimu wetu hakukosea, wala kitabu hakikukosea. Tuliokosea ni sisi, tulioichukua hukumu ya sala tukaifanya hukumu ya afya. Mwenye damu nyingi tulimwuliza ana nini, tukamshughulikia. Asiyekuwa na damu tulimwona kapumzika. Nakumbuka kila mwezi wa Ramadhani wenzangu walikuwa wakinionea wivu. "Wewe bahati yako, hulipi hata siku moja!" Nami nikijiona kweli nina bahati.

Nilivunja ungo mwaka 1973, nina miaka 13. Somo wangu alinifunza yote aliyokuwa nayo, Mungu amrehemu. Hedhi ikaja mara mbili, kisha ikapotea miezi mitano. Katika skuli ya sekondari tulichora ua na chura, na sura ya mwanadamu mwalimu aliipita mbio kama mtu anayepita mtaa wenye mbwa. Nilipofika miaka 17 nilianza kuota nywele za kidevu. Bibi yangu akazing'oa kwa uzi, akaniambia mwanamke mwenye ndevu ana riziki. Riziki sikuiona, ila uzi niliuzoea.

Nikaolewa mwaka 1982. Mwaka ukapita, na wa pili. Wakasema nina chango. Nikanyweshwa uwatu asubuhi na jioni mpaka jasho langu likanuka uwatu. Chango halikusikia dawa, wakasema basi ni pepo mahaba, amenitaka na hataki nizae na mwanadamu. Nikapelekwa Pemba kwa mganga. Sitasimulia ya huko, yatosha kusema nilirudi nimekonda na mume wangu amepungukiwa na fedha. Neno lililosemwa na mawifi nyuma ya mlango lilikuwa mgumba. Mwaka 1987 nikapewa talaka yangu. Sina kinyongo na mtu. Wengi wao wametangulia mbele ya haki na waliobaki tunasalimiana vizuri. Lakini nataka vijana walijue hili: katika miaka yote mitano hakuna hata mtu mmoja, si mkunga, si mganga, si mama mkwe, aliyeniuliza, "Mwanangu, siku zako huja mara ngapi kwa mwaka?"

Nilifika London mwaka 1989, nikaolewa tena mwaka 1992 na mume niliye naye mpaka leo. Mwaka 1994 nilijikaza nikaenda kwa daktari wa mtaani. Alinitazama tangu juu mpaka chini, akaniambia nipunguze mwili kisha nirudi. Mwili sikuupunguza na kurudi sikurudi. Kufika miaka 36 siku zangu zilianza kujipanga zenyewe, hata mimi nikashangaa. Mwaka 1999, nina miaka 39, nikadhani nimefika ukomo wa hedhi, kumbe nina mimba ya miezi minne. Mtoto huyo mnamjua, ndiye aliyewapakulia biriani katika mkutano wetu wa Idi. Tukasema ni dua, na dua ilikuwapo; lakini sasa nimejifunza kuwa wanawake wengi wenye hali hii hedhi zao huanza kutengenea wanapokaribia miaka 40, kwa kuwa vijumba vya mayai hupungua kwa umri, na waliokuwa wakibanana hupata nafasi.

Mdogo wangu akaniambia, "Dada, umeisoma, sasa niambie. Ni kansa?" Nikamwambia si kansa. "Ni uvimbe? Watamkata?" Nikamwambia si uvimbe. "Basi ni nini?" Hapo ndipo nilipokwama na mimi, kwa kukosa maneno. Nikamwambia anipe wiki moja. Nikamwuliza binti, nikamwuliza mwanafunzi wangu wa zamani ambaye leo ni mfamasia, nikasoma. Hivi ndivyo nilivyomweleza aliporudi.

Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, ipo tezi ndogo kiasi cha punje ya mbaazi. Tezi hii hupeleka risala kwenye ovari, yaani vile viungo viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto mwa fuko la uzazi, ambavyo huhifadhi mayai ya mwanamke. Risala hizo ndizo homoni. Haziendi kwa mishipa ya fahamu, huenda na damu. Fikirini ovari ni darasa. Kila mwezi vijumba kadhaa vya mayai huanza kukua pamoja kama watoto walioingia darasa moja. Kimoja huwatangulia wenzake, hufika upana wa kama sentimita 2, hupasuka na kutoa yai. Wenzake hunyauka. Kijumba kilichopasuka hakiendi bure: hugeuka na kutoa homoni iitwayo projesteroni, na mimba isipotunga, baada ya kama wiki mbili homoni hiyo hushuka, na kushuka kwake ndiko kunakoiita hedhi.

Sasa katika hali hii darasa limejaa lakini hakuna anayefaulu. Vijumba hukua mpaka milimita chache, visifike hata milimita 10, vikasimama. Ndivyo hivyo vinavyoonekana katika picha kama shanga. Jina lenyewe limepotosha watu wengi, kwani linasema vifuko, na mtu akisikia vifuko hudhani uvimbe wa kupasuliwa, kumbe ni mayai yaliyosimama njiani. Yai lisipotoka, projesteroni haipo, na hedhi haina wa kuiita.

Na kwa nini yamesimama? Hapa jambo linaingia jikoni kwetu. Katika wanawake wengi wenye hali hii mwili haumsikilizi vizuri mjumbe aitwaye insulini, ambaye kazi yake ni kuitoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini. Mwili usiposikia, kongosho hupiga kelele zaidi, yaani hutoa insulini nyingi zaidi. Insulini hiyo nyingi ikifika kwenye ovari huzichochea kutengeneza testosteroni, na ikifika kwenye ini hupunguza ile protini inayoishika testosteroni isizurure. Matokeo yake ni chunusi zisizokwisha ujanani, nywele za kidevu na kifua, pengine nywele za kichwa kupungua, na mayai kusimama. Kisha miaka ikipita, kongosho likichoka, huja kisukari. Mimi nilionekana na kisukari mwaka 2009. Daktari aliniuliza kama mama yangu alikuwa nacho. Habari ya hedhi zangu za ujana hakuniuliza, nami sikujua kuwa ni habari.

Hali hii huenda katika damu ya ukoo. Ndiyo maana nimeiandika katika kitabu kinachosomwa na ukoo. Mama zetu wangapi walikuwa na uzi wa kidevu na kisukari pamoja? Hesabuni wenyewe, mimi kwa upande wetu nimefika wanne.

Wala si maradhi ya leo wala ya hewa ya Ulaya, kama wazee wengine wanavyopenda kusema kuwa tumekuja kuyapata huku kwa kula kuku wa sindano. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokuwa na ovari kubwa zenye vifuko na hedhi zilizokatika. Wakawapasua na kuondoa sehemu ya ovari, na wote saba wakarudi kupata hedhi, wawili wakashika mimba. Kwa miaka mingi ikaitwa kwa majina yao. Kisu kile leo hakitumiki tena kwa namna ile. Katika miaka ya themanini, hapa hapa London, madaktari, miongoni mwao Stephen Franks, walianza kuzitazama ovari kwa mashine ya mawimbi ya sauti bila ya kumkata mtu, na mwaka 1988 wakaandika katika jarida la Lancet jambo lililowashangaza wenzao: kati ya wanawake wa kawaida, wasiokuwa na malalamiko yoyote, zaidi ya mmoja katika kila watano alionekana na ovari za namna hii. Maana yake ni kuwa picha peke yake haimfanyi mtu mgonjwa. Kwa hiyo mwaka 2003 wataalamu walikutana Rotterdam wakakubaliana juu ya mambo matatu, hedhi isiyo na mpango, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuzidi, na picha ya ovari. Mwenye mawili katika hayo, baada ya maradhi mengine kuondolewa katika hesabu, ndiye mwenye PCOS.

Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 212 wanaoishi Uingereza wenye asili ya Bara Hindi, na zaidi ya nusu yao ovari zao zilionekana hivyo. Nalitaja hili kwa sababu damu yetu watu wa pwani imechanganyika na bahari nzima, na wengi katika kitabu hiki wana babu kutoka Kachi au Surati. Kwa dunia nzima Shirika la Afya Ulimwenguni linakisia kuwa wanawake 10 mpaka 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana hali hii, na kwamba katika kila 10 wenye nayo, hata 7 hawajaambiwa. Katika mkutano wetu wa Idi tulikuwa wanawake wengi sana ukumbini. Sikuacha kuhesabu.

Niseme pia kwamba hedhi kukatika si lazima iwe jambo hili. Kwanza ni mimba. Kisha kuna tezi ya shingo ikiwa imelegea au imezidi kufanya kazi. Kuna homoni ya maziwa ikizidi, hata mwanamke asiyenyonyesha akatokwa na maziwa. Kuna kukonda kupita kiasi. Na kuna ovari kuchoka mapema kabla ya miaka 40, jambo linalompata kama mwanamke mmoja katika kila 100. Mengi katika haya hutazamwa kwa kipimo cha damu cha asubuhi moja. Binti yetu alipimwa hayo yote kabla ya kuandikiwa barua.

Je, ina dawa? Dawa ya kuing'oa isirudi haipo, na anayewauzieni unga wa kuing'oa, awe Zanzibar au awe Green Street, anakuuzieni unga. Lakini kila dalili ina njia yake. Asiyetaka mimba kwa sasa hupewa vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo huleta damu kwa mpango na kupunguza chunusi na nywele. Nawajua akina mama watakaoshtuka kusikia msichana asiyeolewa anapewa vidonge hivyo. Na mimi nilishtuka. Kisha nikajikumbusha kuwa sisi wenyewe, tukienda Hija, tulimeza vidonge vya kuchelewesha hedhi ili tuwahi kutufu, wala hakuna aliyeona haya dukani. Na vile vilikuwa projesteroni ya kutengenezwa, ya jamii ile ile ambayo daktari humpa mwenye hedhi iliyopotea aimeze siku chache kisha aache, ili damu ije.

Na ni muhimu ije. Nyumba ya uzazi hujitandika mkeka ndani kila mwezi, na hedhi ndiyo inayoukunja mkeka. Usipokunjwa mwaka mzima, ukatandikwa juu ya mwengine, unene huo katika muda mrefu huzidisha hatari ya kansa ya fuko la uzazi. Kwa hiyo mwanamke asiyekuwa na mimba, asiyenyonyesha, asiyetumia dawa ya kuzuia uzazi, miezi mitatu ikipita bila ya damu na aende akaulize. Anayetumia kitanzi chenye homoni au sindano, huyo damu kutokuja ni kazi ya dawa, asitishike.

Mwili mkubwa huizidisha hali hii, na kupunguza hata sehemu 5 katika 100 za uzito kwa wengine hutosha kuirudisha hedhi. Nasema kwa wengine, kwa sababu binti yetu ni mwembamba kama ufito na bado anayo, na tumekwisha kuchoka kusikia kila tatizo la mwanamke likiitwa unene. Wali si haramu. Lakini chapati nne na chai ya sukari vijiko vitatu saa nne ya usiku, hiyo tuijadili. Kipo pia kidonge cha kisukari kiitwacho metformini, kilichoanza kutumika Uingereza mwaka 1958, ambacho huufanya mwili umsikilize yule mjumbe. Mimi ninakimeza kwa kisukari changu, mwanangu anakimeza kwa hedhi zake, na tunakumbushana kwa simu baada ya chakula cha usiku. Tumbo huvurugika wiki za mwanzo. Kimezwe pamoja na chakula.

Kwa nywele za uso, uzi na wembe havizidishi kitu, hayo ya kuwa wembe hunenepesha nywele ni maneno tu. Wanaokwenda kuchomwa kwa mwanga wa leza waulize kwanza kama mashine ni ya ngozi nyeusi, kwani isiyofaa huacha baka la moto usoni.

Na anayetaka mtoto, hapa ndipo ninapotaka wakwe na mawifi wasogeze viti. Hii ni katika sababu zinazotibika vizuri kuliko nyingi. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa klomifeni. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya wanawake 750 wa Marekani wenye hali hii: waliopewa dawa nyengine, letrozoli, waliojifungua walikuwa 27 na nusu katika kila 100, na waliopewa klomifeni walikuwa 19. Ni vidonge vya siku tano katika mwezi, si kisu wala si sindano. Hapa Uingereza waliooana wakijaribu mwaka mmoja bila ya mimba wana haki ya kuchunguzwa, na mwanamke ambaye hedhi zake zinajulikana kuwa hazina mpango hahitaji kusubiri mwaka. Mkalimani hutolewa bure ukiomba, na daktari mwanamke unaweza kumwomba.

Wana haki ya kuchunguzwa, nimesema, wote wawili. Kwa mwanamume kipimo ni kikombe kimoja. Katika sehemu kubwa ya mashaka ya kukosa mtoto sababu iko kwa mume, au iko kwa wote. Mume wa binti yetu, kijana wa Kingazija aliyelelewa Ilford, alipoambiwa alete chake alileta siku ya pili, hakusema kitu. Siku hiyo nilimpenda. Katika mwaka 1985 mtu angethubutu kumwambia mwanamume wa kwetu alete kikombe?

Wenye mabinti wadogo nao wasiwe na pupa. Miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo hedhi huwa haina mpango kwa wasichana wengi wazima kabisa, na ovari za msichana huwa na vijumba vingi kwa maumbile. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, unasema msichana aliye bado katika umri wa kubalehe asipigwe picha kwa ajili ya jambo hili. Mnunulieni kalenda. Chama kiitwacho Verity, kilichoanza hapa Uingereza mwaka 1997, huwasaidia wenye hali hii kwa maelezo na kukutana; wasichana wanaojua Kiingereza wakitafute.

Sasa narudi kwa mdogo wangu. Baada ya maelezo yote hayo, chai imepoa, akaikunja barua akairudisha katika mfuko wa plastiki. Akaniambia, "Dada nimefahamu. Lakini kwao asijue mtu." Nikamwuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inarowesha. "Wewe unauliza? Wewe?"

Tuligombana siku ile. Alisema nataka kumwachisha mtoto wake kwa mdomo wangu. Nami nilimwambia maneno makali ambayo sikupaswa kumwambia, kwamba waliojificha ndio walioachwa. Tukakaa wiki sita hatupigiani simu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu alipozaliwa. Huenda yeye alikuwa na haki kuliko mimi. Mimi nina miaka 65, sina cha kupoteza. Aliyekuwa na cha kupoteza ni binti.

Binti ndiye aliyeamua. Alimwambia mama mkwe wake mwenyewe, jikoni, wakikuna nazi, katika Kiswahili chake kilichovunjika. Hakujua kusema ovari, akasema "mayai yangu yamelala." Mama mkwe, mwanamke wa makamo kama yetu, aliendelea kukuna mpaka kifuu kikaisha. Kisha akamwambia kuwa yeye baina ya mtoto wake wa kwanza na wa pili palipita miaka tisa, na hakuna siku aliyoitaja kwa mtu.

Binti yuko katika mwezi wake wa nne wa letrozoli. Bado hakuna habari, na ameniruhusu kuandika haya kwa sharti la kuwa msimpigie simu kumwuliza. Atawaambieni likiwapo la kuambiwa. Juu ya friji yake amebandika kalenda, anatia alama kwa kalamu nyekundu. Alhamisi iliyopita mdogo wangu alinipigia, kuna kelele za watu nyuma yake. Alikuwa kwa mkwe wake Ilford, wamekaa na wanawake wengine watatu, na mmoja wao ana binti wa miaka 19 asiyeona siku zake tangu mwezi wa Safar. "Dada," akaniambia, "lile neno, vile viungo viwili vya mayai, umesema vinaitwaje?" Nikamwambia. Akasema, "Ngoja, ngoja, mmoja anatafuta kalamu."